Kwa Wenye Mamlaka juu ya Ngazi, Sakafu na Vyoo vya Umma

Waheshimiwa,

Sisi wazee wa Igamba twawaarifu kwamba tungali hai, na baadhi yetu tungali tumesimama, jambo ambalo kwa hali ya majengo yenu si dogo.

Katika wilaya yetu ya Mbozi, kilichoanguka kikapata heshima ni kimoja tu, nacho ni kimondo cha Ndolezi, pande la chuma likadiriwalo kuwa na tani 16, ambalo baada ya mpima ardhi W. H. Nott kulikuta mwaka 1930 lilichimbiwa kandokando na hatimaye likajengewa saruji chini yake lisije likayumba. Hatulihusudu. Twauliza tu kwa adabu: ikiwa saruji ilipatikana kwa ajili ya kitu kilichokwisha kuanguka zamani za kale, ni hekima gani iliyowazuieni kutia bomba moja la chuma ukutani mwa choo cha zahanati, ambamo ajuza mwenye mtoto wa jicho huamriwa achuchumae gizani juu ya sakafu iliyolainishwa kwa ustadi hata ikang'aa, kisha ainuke pasipo kushika chochote ila jina la Mwenyezi Mungu?

Ihsani yenu twaikiri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilituahidi matibabu bila malipo, na dirisha letu zahanatini lipo, limeandikwa kwa rangi safi. Hulifikia mzee kwa kupanda vidaraja vinne visivyo na pa kushikia, labda ili mganga asikose kazi. Nyonga ikivunjika, kadi ya matibabu ni bure. Nauli ya kwenda hospitali Mbeya si bure, wala mke aliyeacha kahawa ikiivia mtini ili amwuguze mumewe halipwi na mtu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa wamepita miaka 60, na tiba yake haitoki bohari ya dawa: ni taa, sakafu ya kukwaruza, na kiti chenye tundu, ambacho seremala yeyote wa Mlowo hukimaliza kabla ya adhuhuri.

Hatuwaharakishi. Sera hiyo humwita mzee aliyetimiza miaka 60, na mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafishwa kwa lazima akiwa na miaka iyo hiyo, basi aliyeidhinisha choo kile atavua cheo na kuvaa uzee siku ileile. Twamsihi aje akijaribu mapema, usiku wa mwezi Machi, mvua ikinyesha. Mkongojo tutamwazima; tochi aje nayo.

Wenu watiifu,
Wazee wa Igamba