Heko, Sistimu Inayojikokota

Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, sistimu ya forodha ikianza kujikokota, matusi huanzia kwa wakala na kumalizikia kwa dereva. Nadai wanamtukana mtumishi mwaminifu kuliko wote mpakani. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze kazi mwaka 2014, mzigo wa Uganda hutozwa kodi kabla lori halijatoka Mombasa, kwa hiyo karani wa mpakani, wakala wa bandarini na afisa wa Kampala wanategemea tamko lilelile. Hifadhidata ya watu wengi namna hii ikienda kasi, hakuna anayeuliza nani anafanya nini humo. Ikizubaa ndipo wakubwa wanapokumbuka kuwa wana fundi. Naye akifungua orodha ya kazi zinazoendelea, siri zote mezani: mmoja ameitisha ripoti ya mwaka mzima saa nne asubuhi, mwingine amefungua rekodi ili airekebishe, kisha akaenda kunywa chai, na rekodi imejifunga, wenzake wamepanga foleni nyuma yake. Kwingine jedwali halina faharasa, basi kutafuta namba ya lori moja kunailazimu mashine kuyapitia malori yote yaliyowahi kuandikishwa. Kasi ingeyaficha haya miaka na miaka.

Watasema dawa ni seva kubwa zaidi. Sawa, wauza seva nao wana watoto. Ila seva mpya haifungui rekodi ya mtu aliye kwenye chai. Itamngoja vilevile, kwa bei ya juu. Watasema pia nyanya zinaoza na posho ya dereva inaisha, na hoja hii ni nzito kweli. Lakini Januari 2022 malori yalipojipanga makumi ya kilomita kutoka Malaba kurudi ndani ya Kenya, chanzo kilikuwa vipimo vya Korona vya kulipia, na seva haikuwa na hatia. Tena seva haidai kitu kidogo: tajiri wa malori mia na mfanyabiashara wa Molo mwenye mahindi yake, wote huzungushiwa kiduara kilekile kwenye skrini. Ripoti zingeweza kuhamishiwa usiku, faharasa ikaongezwa, rekodi ikaachiliwa kabla ya chai. Kwa bahati ya wauza chapati wa Malaba, mambo hayo hayahitaji zabuni, kwa hiyo hakuna mwenye haraka nayo.