Namna ya Kung'ara Kwenye Darasa la Pilau

Umelipia darasa la mapishi. Mko kumi na wawili jikoni, na wote mnapika majumbani kwenu. Kila mmoja amekuja kujifunza, na kila mmoja anatamani aonekane hahitaji kufundishwa. Wewe pia, nakujua. Hakuna ubaya. Sogea nikwambie.

1. Wahi. Fika dakika kumi kabla, umsaidie mwalimu kupanga viungo. Nusa kila kibakuli na uulize jina lake taratibu, wenzako hawajaingia. Ile bizari nyembamba ndiyo hiyo hiyo uzile ya Wazanzibari. Ukishalijua hilo mapema, hutababaika mbele za watu.

2. Omba vitunguu. Wenzako watagombea nyama na viungo, maana huko ndiko picha zinakopendeza. Waachie. Vitunguu vinaliza, lakini rangi ya pilau inatoka humo, na anayevikaanga husimama ubavuni mwa mwalimu. Tega sikio. Mwanzo mafuta yanapiga kelele kwa sababu ya maji ya kitunguu. Kelele ikipungua, maji yamekwisha na rangi inakuja mbio. Hapo usigeuke hata ukiitwa kupiga picha. Ukichelewa kidogo tu, sufuria nzima itakuwa chungu.

3. Ukikwama, chokoza ubishi. Uliza kwa upole: "Jamani, kwenu pilau mnatia nyanya?" Ukiona ubishi umepoa, ongeza la viazi. Watabishana robo saa, kila mmoja akimtaja bibi yake. Wewe tazama mikono ya mwalimu.

4. Usihangaike na vikombe. Kikombe cha mwalimu huendi nacho nyumbani. Kidole chako unacho siku zote. Mchele uliolowekwa nusu saa ukishaingia kwenye sufuria, shusha mpini wa mwiko mpaka uguse mchele. Pima palipolowa: mchuzi uupite mchele kwa pingili moja ya kidole. Basi.

5. Pilau likiharibika, tulia. Limeshika chini? Usikoroge. Pakua la juu, ukoko uache palepale. Una wenyewe, na watautafuta. Lina majimaji? Litandaze kwenye sinia, mvuke utoke. Chumvi imezidi? Tengeneza kachumbari ya ndimu isiyo na chumvi hata chembe. Fanya yote hayo bila kuomba radhi. Anayeomba radhi huwafundisha walaji kutafuta kasoro.

6. Shika mwiko wakati wa kupakua. Watu husahau nani alimenya vitunguu swaumu, lakini aliyewapakulia humkumbuka.

7. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote: rudia nyumbani ndani ya siku tatu. Nusu kilo ya mchele inatosha, na usialike mgeni. Sifa za darasani huisha na ule mlo. Mkono usiporudia kazi upesi, unasahau. Kwa hiyo bandika sufuria, tia mafuta, mimina vitunguu. Zima redio, waambie watoto wakupe dakika chache. Kelele ya mafuta ikianza kupungua, utajua bila kuambiwa na mtu.