Mpini Usiochubua: Mwongozo kwa Mafundi Kufuli wa Mwanza

Watu husema kufungua kufuli bila ufunguo ni kazi ya akili. Ni kweli, kwa dakika tano za mwanzo. Baada ya hapo inakuwa kazi ya kidole gumba. Waya uliochongwa kutoka spoku ya baiskeli hukaa palepale kwenye nyama ya kidole, unachimba taratibu, na kabla pini ya tatu haijainuka fundi ameshaanza kumtukana Mchina aliyetengeneza kufuli. Mchina wa watu hana kosa. Kosa ni la fundi aliyetoka nyumbani na chuma kitupu.

Mwongozo huu ni wa mafundi funguo wa Mwanza, wale wa mwavuli, kimeza, jiriwa na tupa mbili tatu, kuanzia Makoroboi hadi Buzuruga. Haumhusu mwizi. Mwizi hahitaji mpini wa starehe: ana jiwe, na asiyepata jiwe katika Jiji la Miamba bora atafute shughuli nyingine. Wala haumhusu mpangaji wa Nyegezi aliyerudi jioni akakuta mwenye nyumba amebadilisha kufuli. Hilo hufunguliwa kwa kodi ya miezi sita, na hakuna waya unaoweza kuigiza sauti ya noti.

Tuanze na mambo ya ndani, maana mpini huchaguliwa kwa kujua kinachoendelea mbele yake. Makufuli mengi ya madukani yanafuata mtindo ambao Mmarekani Linus Yale mdogo aliupatia hataza miaka ya 1860. Ndani ya silinda mna pini ndogo zinazosukumwa na springi. Ufunguo sahihi huziinua zote zikafika mstari mmoja, silinda ikazunguka. Asiye na ufunguo hushika vitu viwili: kipande cha chuma bapa, aghalabu kimetoka kwenye waipa ya gari, cha kuikazia silinda kidogo sana, na waya wenye ncha iliyopinda, wa kupapasa pini moja baada ya nyingine. Nguvu haitakiwi. Pini inapogota mahali pake hutoa mtikisiko mdogo mno, na huo mtikisiko lazima usafiri kwenye waya, upite kwenye mpini, ufike kidoleni. Mpini basi una kazi mbili zinazogombana: ukukinge na chuma, na usikufiche kinachosemwa na chuma. Wengi hukumbuka ile ya kwanza tu.

Ndiyo maana kila anayeanza hukimbilia kandambili. Unachukua pea iliyokatika, unakata kipande kisiginoni, unatoboa, unachomeka waya, unamwagia supaglu. Ni laini kweli. Kiganja kinapumzika mpaka kinasinzia. Utakazia, utapapasa, utabembeleza, pini zitapanda na kushuka bila wewe kupata habari, kwa sababu habari zote zimeishia kwenye sponji. Mpini wa kandambili unafaa kwa fundi anayelipwa kwa saa, na fundi wa namna hiyo bado sijamwona mtaa wa Rufiji.

Baada ya kandambili hufuata tyubu ya baiskeli, ambayo ina wafuasi sugu. Unaikata utepe, unauzungusha ukiuvuta, unafunga mwisho. Inashika vizuri hata mkono ukiwa umelowa. Lakini iache juani mchana mmoja, itaanza kunata na kuacha weusi kila inapogusa. Hapa inategemea wateja wako ni wa wapi. Igogo hakuna atakayejali. Capri Point utaitwa kwenye geti jeupe, na mama mwenye nyumba atatazama geti, atatazama vidole vyako, kisha atakulipa pungufu ya mlichokubaliana akisema hiyo iliyobaki ni ya rangi.

Tuje kwenye mbao, maana hapa ndipo fundi anapoonyesha tabia yake. Kuna anayetaka mpingo. Mpingo una heshima: ni mzito hata ukiutupa ziwani unazama, haunywi jasho, na ndio mti ambao Ulaya huchongea klarineti na zumari zao. Mtikisiko unapita humo vizuri ajabu. Tatizo ni kwamba fundi mwenye mpini wa mpingo hupenda kuusugua kwa kitambaa mbele ya wateja huku akieleza habari za klarineti, na bei inapanda kwa kila msuguo. Mninga ni mpole zaidi, unachongeka, rangi yake inazidi kupendeza kadiri mikono inavyoushika. Ukipita kwa maseremala wa vitanda utapewa vipande bure. Mkaratusi usiuguse, unapasuka kwa urefu siku utakayokuwa na haraka. Lakini ukiniuliza mimi, nitakwambia mpera. Kila aliyewahi kuwa mtoto na kuchonga manati anajua tawi la mpera lilivyo gumu na lenye subira. Kasoro yake ni ya kijamii tu: kuna mtu anaumiliki mpera, na mtu huyo huwa bibi.

Mwanza ina mpini mwingine ambao mafundi wa Dodoma wanaweza kuuota tu, nao ni wa kisu cha minofu. Tangu Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja mwishoni mwa miaka ya 1990, usafi kwenye viwanda vya sangara si jambo la mzaha. Mbao hunywa maji, na maji hufuga vijidudu, kwa hiyo visu vya minofu vina mipini ya plastiki, yenye umbo la mkono unaokata zamu nzima bila kuteleza kwenye mafuta ya samaki. Ubapa ukishalika kwa kunolewa, mpini bado ni kijana. Ukibahatika kuupata kwa njia halali, utaweka waya wako humo na hutaomba kingine. Uoshe kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu, kisha kubali matokeo. Harufu ya sangara haiondoki. Ukiitwa saa nne usiku kumfungulia mtu mlango, utafika ukiwa na msafara wa paka, na mteja atadhani umepita kununua mapanki, ile mifupa ya sangara, kwanza.

Hukumu yangu, hata hivyo, haiko kwenye plastiki wala kwenye mpingo. Iko Mwaloni, Kirumba, mikononi mwa wazee wanaoshona nyavu. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, ukiuzungusha kwa kubana juu ya spoku yenyewe, safu moja tu au mbili, halafu ukaupaka gundi nyembamba, unakupa mpini mwembamba unaoshika, usionyonya maji, na unaokuletea kila pini ilivyo. Bei yake ni salamu. Ila salamu yenyewe iwe kamili, kwa sababu mazungumzo yatakwenda hivi:

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Sema.”

“Naomba kipande cha uzi, mzee wangu.”

“Wa nini?”

“Wa mpini.”

“Mpini wa nini?”

Hapo ndipo vijana wengi hukohoa. Usikohoe. Sema wewe ni fundi funguo, taja unapokaa, na kama una bahati mzee atakuwa na kufuli la mnyororo wa mashine ya mtumbwi ambalo ufunguo wake uliangukia majini. Utalifungua, atakupa uzi wa mwaka mzima na fundo zuri la kumalizia. Neno moja tu la tahadhari: usichukue uzi wa nyavu za timba. Nyavu hizo zimepigwa marufuku, tena uzi wake unateleza. Hakuna sababu ya kukamatwa kwa makosa mawili kwa ajili ya mpini mmoja.

Unene? Usizidi kidole chako cha mwisho. Mpini mnene hukualika kuubana ngumi, na mtu aliyebana ngumi hupapasa kwa bega. Makufuli mengi niliyoyaona yakiwa na waya uliokatikia ndani yalishughulikiwa na watu wenye mipini minono na matumaini makubwa. Urefu uishie ndani ya kiganja. Na usisahau upande wa pili, ule unaokaa mfukoni. Fundi anapanda bodaboda kwenda Buhongwa, barabara ina matuta, na mpini wenye kona kali utamfikisha akichechemea. Wateja hawamwamini fundi anayechechemea. Wanafikiri alitoka kuruka ukuta.

Toboa tundu mwishoni upitishe kamba ya kuvaa mkononi. Huu si urembo. Nusu ya nyumba utakazoitwa zimepanda majabali: Bugarika, Mabatini, Isamilo. Unapanda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, unafika mlangoni umesimama mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine juu ya ndoo ya mwenyeji. Waya ukikuponyoka unaingia katikati ya miamba, na kuanzia dakika hiyo ni mali ya mijusi, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ambao wanasayansi waliwapa jina la mji wetu, *Agama mwanzae*. Watakutazama wakipiga pushapu. Hawarudishi kitu.

Kuna watakaosema haya yote ni anasa. Waambie habari za Alfred Charles Hobbs. Mwaka 1851, mwaka wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani huyu alifungua kufuli la Chubb lililosifiwa kuwa halifunguki, kwa dakika 25. Kisha akaligeukia la Bramah, lililokaa dirishani mwa duka la Piccadilly tangu 1790 likiwa na ahadi ya gini 200 kwa atakayelishinda. Lilimchukua saa 51 zilizotawanyika katika siku 16. Piga hesabu ya vidole vyake. Mteja wa Mwanza hukupa dakika kumi, na tano kati ya hizo anazitumia kukuuliza ulijifunzia wapi.

Swali lake, lakini, ndilo linalotufikisha kwenye starehe yenyewe. Ujerumani kuna chama cha watu wanaofungua makufuli kama mchezo, tangu 1997. Wanakaa mezani, wanashindana kwa saa, wanapeana mikono na kurudi nyumbani. Hebu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako ukamwambie unataka kuanzisha mchezo.

“Mchezo gani?”

“Wa kufungua makufuli, mheshimiwa.”

“Ya nani?”

Kikao kimeisha hapo. Sisi tunaishi katika nchi ambayo Kanuni ya Adhabu inamhesabia kosa anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na katika ukanda ulioanzisha ulinzi wa sungusungu mapema miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipowachosha Wasukuma na Wanyamwezi. Mtu akipiga mwano, yaani yowe la kuita msaada, watu hutoka na fimbo kwanza. Maswali yanafuata baadaye, kama bado yupo wa kuulizwa. Katika mazingira hayo, mpini unaokaa vizuri mkononi mwako lakini unakaa vibaya machoni mwa jirani haujakaa vizuri.

Kwa hiyo rangi. Mafundi vijana wanapenda mweusi, eti ni rangi ya kikazi. Mpini mweusi, waya mwembamba, mfuko wa shati, saa tano usiku: umejiandikia mashtaka kwa mkono wako. Chukua njano ya boda, au nyekundu, au ile bluu ya nyavu isiyofichika hata mwezi ukiwa mchanga. Andika jina lako la kazi na namba ya simu kwa kalamu ya kudumu. Seti yako ikae kwenye kopo la wazi mezani, mchana kutwa, wapita njia wailalamikie, watoto waiulizie, mama wa chipsi jirani azoee kuiona. Ukikutana na doria ukiwa na bunda la funguo malaya na mipini ya njano yenye namba ya simu, utaulizwa kama unaweza kutengeneza kitasa cha kituo. Hayo ndiyo mapumziko ya mkono ninayoyazungumzia.

Najua utaanza na kandambili hata hivyo. Kila mtu huanza nayo. Ukishahitimu ukafika kwenye uzi wa Kirumba, ukaupaka rangi na ukakauka, usiujaribu kwanza kwenye mlango wa mtu. Mpelekee mjumbe wako, mchana, mwonyeshe kabla hajauona usiku.