Mlima wa Kibarani

Nawaona wakimbiaji wetu alfajiri hapa Kibarani, viatu rangi ya embe bivu, saa mkononi ikiwahesabia mapigo ya moyo. Wanajinoa kwa ajili ya mbio za Lewa, kule bara: kilomita 42 za vumbi na vilima, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, helikopta ikizunguka angani ili faru asije akaingia mashindanoni. Mbio hizo zipo tangu mwaka 2000. Wetu wamezigundua juzi.

Shida ni vilima. Mombasa imelala kama chapati. Mlima wetu wa maana ulikuwa ule wa taka, papa hapa kando ya maji. Kunguru wakiupanda kila siku, wala hakuna aliyevishwa medali. Ukafungwa, ukaoteshwa miti na nyasi. Sasa wanariadha wetu wamebaki na daraja la Makupa, lile la 2022. Wanapanda, wanahema, wanapiga picha, wanashuka. Malori ya bandarini yanawapigia honi. Wao hudhani wanashangiliwa.

Jumatatu baada ya mbio utawakuta wakishuka ngazi kinyumenyume, medali ingali shingoni, wakilalamika hewa ya bara nyepesi. Sisi tuliovuta hewa ya Kibarani miaka yote ile hatukuambiwa kama ni mazoezi.

Kuna hamali hupandisha mkokoteni daraja hilo, mitungi ya maji imejaa, ndara miguuni. Hajalipa kiingilio popote. Jana alinipita nimeshika kiuno. Ndiyo, na mimi nimejiandikisha.