Vilivyobaki Nitakuja Kuvichukua

Hati ya mauziano ya nyumba, hapa kwetu Kilosa, ni karatasi moja au mbili zenye picha za pasipoti, dole gumba la kila shahidi na muhuri wa mwenyekiti. Mipaka inaelezwa kwa makini ya kutisha: kaskazini kwa fulani, kusini mfereji, mashariki njia ya ng'ombe, magharibi mjane wa marehemu fulani. Bei inaandikwa kwa tarakimu, kisha kwa maneno, asije mtu akaongeza sifuri usiku. Dalali ameshapata chake na simu yake haipatikani. Jambo moja tu halimo katika karatasi ile: muuzaji ataondoka na nini, na ataniachia nini.

Mzee aliyeniuzia aliondoka, hilo simnyimi. Watoto wake wako Dodoma, na tangu treni ya umeme ianze kufika huko mwaka 2024, wazee wengi wa hapa wameishiwa sababu za kukataa kuhamia kwa watoto. Alifika stesheni mpya na begi moja, fimbo na chupa ya chai. Treni ile imejengwa ikimbie kilomita 160 kwa saa, lakini aliyeichora hakufikiria kabati la milango mitatu.

"Mwalimu," akaniambia akiwa mlangoni, "vilivyobaki nitakuja kuvichukua."

Ukisikia neno hilo kwa mtu anayehama, jua umeajiriwa ulinzi bila mshahara.

Kabati lenyewe ni la mninga. Halipiti mlangoni, wala dirishani, wala halifunguki vipande. Majirani wanasema liliingia nyumba ikiwa bado msingi, ukuta ukajengwa likiwa ndani. Kando yake nimekuta kinu kisicho na mchi, na mchi usio wa kinu kile. Kuna baiskeli ya Phoenix yenye gurudumu moja, debe la misumari iliyotumika ikanyooshwa, picha ya harusi ya watu ambao mtaa mzima hauwajui, na fungu la funguo ambalo halifungui hata mlango mmoja wa nyumba hii. Wakati huohuo balbu zote ziliondoka. Kamba ya kuanikia nguo iliondoka. Koki ya bomba la uani ilifunguliwa kwa ustadi, pakazibwa na gunzi la mahindi.

Nimelitafakari sana jambo hili na nimefika kwenye hukumu yangu. Mtu akihama, anachokihitaji anakichukua hata kama kimeshikiliwa kwa skrubu. Asichokihitaji, ambacho ameona haya kukitupa kwa mikono yake, anakuachia wewe ukitunze kwa heshima. Ni amana. Na amana hairuhusiwi kutupwa, kutumika wala kuuzwa. Inaruhusiwa kukuzuia kupita sebuleni.

Dari nayo ina historia yake. Mzee alikuwepo wakati Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010, maji yakaingia mjini, reli ikazolewa na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Tangu hapo hakuweka tena kitu cha maana sakafuni. Akili nzuri. Ila mtu aliyezoea kupandisha vitu juu hupata shida kuvishusha, hasa magoti yakishachoka, kwa hiyo nimenunua nyumba yenye ghala kichwani. Upepo ukivuma usiku, kuna kitu kinabingirika kutoka chumba cha watoto mpaka jikoni. Nilipanda na tochi nikakuta ni bakuli la bati. Nimelitilia kigingi, sikulishusha. Nani anataka kujibu siku Mzee akija kuulizia bakuli lake?

Huko huko darini kuna chuma kizito cha mviringo chenye meno butu. Mzee alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba enzi za ujana wake, na chuma kile ni kipande cha korona, ile mashine ya kuchakata katani. Kwa nini mtu apandishe kipande cha korona darini, sijui na sitaki kujua. Lakini kimenifanya nimsamehe kidogo, maana Kilosa yote ni mji wa vitu vilivyoachwa na waliohama. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Yeye alikwenda zake, mkonge ukabaki, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa inatoa tani zaidi ya 200,000 za katani. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, wenyewe wakaondoka na vyuma vikabaki. Kabla ya hapo Wajerumani wa Kilosa walihama Agosti 1916 jeshi la Waingereza likiwa nyuma yao. Njiani walilipua madaraja, ila tuta la reli halifungashwi. Mpaka leo liko pale pale, na hakuna barua yoyote iliyofika kusema watakuja kulichukua. Angalau wale walikuwa wastaarabu kwa hilo.

Mzee aliniachia na vitu visivyoonekana kwa macho. Nyumba ilikaa imefungwa muda mrefu kabla ya kuuzwa, na kodi ya jengo siku hizi hukatwa kwenye Luku: ilianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Mita haijui kwamba nyumba haina mtu. Inaandika tu deni kimyakimya, ikimngoja mjinga wa kwanza atakayenunua umeme. Nilinunua umeme wa 10,000, kodi ya nyuma ikatangulia kula, mimi nikabakiziwa uniti za kuwashia taa ya chooni. Na balbu ya chooni, kumbuka, iko Dodoma.

Halafu kuna mpangaji. Huyu nilimkuta chumba cha uani, fundi cherehani, mtu mpole, anashona sare za shule. Alinipokea kwa bashasha kuliko mtu yeyote.

"Karibu sana, baba mwenye nyumba. Mimi bado ninayo miezi tisa."

"Tisa ya nini?"

"Ya kodi. Nililipa mwaka mzima." Akatoa risiti iliyolaminishwa.

Kodi ilikuwa imeshapanda treni. Yule bwana hakunidanganya hata neno moja, na kumtoa mtu aliyelipa ni dhambi kwa Mungu na kero kwa baraza la kata. Kibaya zaidi, alitumia nafasi ile ile kunikumbusha kwamba bati la chumba chake linavuja, na kwa kuwa mwenye nyumba sasa ni mimi, angependa lishughulikiwe kabla ya masika. Nimelishughulikia. Namfanyia mtu ukarabati kwa pesa zangu ili aishi vizuri kwa kodi aliyomlipa mwingine.

Lakini yote hayo ni kazi ya mikono. Tatizo kubwa lilitoka chini ya kizingiti. Nilimleta fundi apige saruji barazani, akachimba kidogo, kisha nikasikia jembe limeanguka. Alikuwa amesimama mbali kabisa, karibu na lango, anaelekeza kwa kidevu. Pale shimoni palikuwa na chupa ya kijani, mdomo umezibwa kwa nta, shingoni kitambaa chekundu. Fundi alisema yeye ni mtu wa dini na haya mambo hayaamini, ila bei tuliyopatana imeshabadilika.

Nikapiga simu Dodoma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Kabati halijambo?"

"Kabati lipo. Mzee, tumekuta chupa hapa kizingitini."

"Ah. Rudishieni udongo."

"Ni ya nini?"

"Zindiko. Inamlinda mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba sasa si mimi?"

Kimya. Nikasikia kikohozi. "Sasa Mwalimu, ile ilisomewa kwa jina langu."

Tafakari hali yangu. Ninalala katika nyumba inayomlinda mtu aliyeko kilomita nyingi kutoka hapa. Kwa hesabu za chupa ile, mwizi ni mimi: mgeni anayeingia na kutoka saa zote, ana funguo, anakula humo humo na hana hata dalili ya kuondoka. Nilimuuliza Mzee kama umiliki wa chupa unaweza kuhamishwa kama tulivyohamisha ule wa nyumba. Akasema mtaalamu aliyeifanya alishafariki, na mwanawe yupo Rudewa, ila ni wa gharama. Imamu alinishauri niichimbue nimtegemee Mwenyezi Mungu. Mchungaji wa jirani alisema vivyo hivyo. Nilipowaomba mmojawapo ashike jembe, wote wawili walikuwa na msiba wa kuhudhuria. Saruji imepigwa baraza zima isipokuwa pale. Tunaruka. Wageni wakiuliza, mke wangu anasema saruji haikutosha.

Ukafika msimu wa embe. Asubuhi moja nikakuta wanawake wawili na vijana watatu uani, wana magunia na upondo, wanaangua embe kwa utulivu wa watu walioko kwao. Mkubwa wao alikuwa shangazi wa Mzee.

"Mwanangu, usishtuke. Nyumba tuliuza. Mwembe hatukuuza, ule alipanda mama."

Nikaleta maarifa. Nikamwambia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu vinavyoota juu ya ardhi na majengo yaliyoshikamana nayo kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Akaniuliza hiyo sheria ilikuwa wapi mama alipokuwa anauchotea maji mche ule mtoni. Kusema kweli hoja yake ina mizizi mirefu: Unguja na Pemba ni jambo la kale mtu kumiliki mkarafuu au mnazi uliosimama kwenye ardhi ya mwenzake. Lakini shangazi hatoki Unguja, anatoka ng'ambo ya mto. Tukaenda kwa mwenyekiti, yule yule mwenye muhuri, naye akatoa hukumu ya kisiasa: matawi ya upande wa barabara ni ya ukoo, ya upande wa jikoni ni yangu. Mwembe haukuhudhuria kikao. Unazaa upande wa barabara.

Mwalimu mwenzangu aliyenunua Mikumi ananicheka. Muuzaji wake alifagia kila kitu, mpaka fremu za madirisha, akamkabidhi kiwanja cheupe chenye migomba michache mgongoni. Kilichobaki ni tembo. Hifadhi iko pale tangu mwaka 1964, tembo amezoea kupitia migomba ile usiku, na hakuna aliyempa taarifa kwamba shamba limebadilisha mkono. Mwenzangu alishajaza fomu za kifuta jasho, na sasa anazungumza habari za "tembo wangu" kama mtu aliyerithi. Simwonei wivu, ila nakiri tembo ana jambo moja zuri: alfajiri huondoka.

Mzee naye ni muungwana. Kila sikukuu anapiga simu, anauliza watoto, anauliza mto umejaa kiasi gani, anauliza kabati. Nikimwambia aje, anasema nauli si tatizo, tatizo ni kwamba kwa mwanawe vyumba ni vidogo. Safari iliyopita aliniomba nimtafutie picha ile ya harusi. Nikamuuliza ni akina nani. Akasema hata yeye hawajui, aliikuta alipoinunua nyumba.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: msomaji yeyote mwenye lori linalorudi Dodoma tupu, apite Kilosa. Mzigo uko tayari, umefungwa kwa kamba ya katani. Kwa ajili ya kabati nimeshaongea na fundi, tutabomoa tofali chache pembeni mwa dirisha. Mafuta tutachangia nusu kwa nusu. Chupa sitaigusa, na mpangaji hahusiki. Yeye ana risiti.