Ndege Iliyotafuta Kibla Mkumbara

Nimekulia kando ya barabara ya Korogwe kwenda Same, kwa hiyo maandishi ya ndani ya gari nayajua kwa kichwa. "Usiongee na dereva akiwa kazini": kondakta kayaegemea, anamsimulia dereva visa vya shemeji yake. "Abiria 29": nimeyasoma nikiwa kama wa 43, shingo imepinda, kuku wa mtu kaniwekea mguu begani. "Abiria chunga mzigo wako" ndiyo pekee niliyokuwa naiheshimu. Ukilelewa humo unatoka ukijua kwamba stika ni pambo tu, sawa na yale maua ya plastiki ya kwenye dashibodi. Kwa akili hiyo hiyo nikaenda kuwa fundi msaidizi wa ndege ndogo.

Kumbe kwenye ndege stika ni kipuri. Kwenye kitabu cha vipuri cha Cessna, kale kaplastiki kanakokataza kuvuta sigara kana namba yake ya kuagizia, kama ilivyo nati na boliti. Stika ya lazima, yaani plakadi, ikibanduka ikapotea, ndege ambayo injini yake inanguruma vizuri kabisa inahesabiwa haifai kuruka mpaka irudi. Halafu ukibadilisha kitu, mara nyingi kitu kipya kinakuja na maneno yake. Propela nyingine ina mizunguko ambayo injini haitakiwi kukaa hapo muda mrefu. Lazima rubani aandikiwe mbele ya macho yake. Ukipata kibali cha kutumia petroli ya magari, lazima iandikwe pembeni ya mfuniko wa tangi. Wenzangu hanga walikuwa wanasema "plakadi" kwa adabu zote. Mimi nilikuwa nasema "vile vikaratasi".

Dalili zilikuja mapema, nikazipuuza. Kuna siku tulikwama kwenye tope kiwanja kimoja cha porini, wananchi wakaja kusaidia kusukuma. Mkiani, kwenye lile bapa linalopanda na kushuka, palikuwa na onyo la Kiingereza, NO PUSH. Jua na vumbi vilikuwa vimeila ile NO ikabaki kivuli. Kijana mmoja aliyefika kidato cha pili akasoma kwa sauti, "Push! Wameandika hapa, sukumeni hapa!" Wakaja wanaume wanane. Kabla sijafika nyuma, kilichopinda kilikuwa kimeshapinda. Plakadi iliyopotea inakuzuia kuruka. Iliyobaki nusu inaita watu.

Sasa ile siku ya Mkumbara. Tulikuwa na Cessna 182, ndege ya watu wanne, ya mzee mmoja aliyekuja kutazama mashamba ya mkonge. Tukatua kwenye uwanja wa vumbi ulioachwa na zama za mkonge, na tulipozima injini tukakuta dira inavuja. Dira ya ndege ina majimaji ndani, jamaa wa mafuta ya taa, ili duara lake la namba lisichezecheze. Wakubwa wananiambia za zamani zilijazwa pombe, na kwamba mafundi wa enzi hizo walikuwa wakizikagua mara kwa mara. Ya kwetu ilikuwa na povu hadi katikati ya kioo. Dira mpya tulikuwa nayo. Nikafunga skrubu mbili, nikaunga waya wa taa, nikafuta mikono. Ile kadi ndogo iliyokuwa chini ya dira ya zamani nikamwachia mtoto mmoja aliyekuwa ananitolea macho.

Injinia tuliyekuja naye akapanda, akachungulia. "Kadi iko wapi?"

"Ya zamani nimeitoa. Dira ni mpya."

"Ndiyo. Na kadi yake mpya?"

Hapo nikaelewa kwamba sikubadilisha kifaa kimoja, bali kimoja na nusu, na ile nusu ndiyo yenye kazi. Kila dira inapotoshwa kidogo na chuma cha injini na nyaya za redio za ndege ilimokaa, kwa hiyo kila moja inahitaji kadi inayosema: ukitaka kwenda nyuzi 30, wewe shika 33, ukitaka 60, shika 62. Kadi ya dira iliyotoka haiwezi kurithiwa, kama cheti cha ndoa. Rubani akajaribu kunitetea. Akaonyesha kishikwambi chake chenye ramani ya setilaiti, akasema dira hiyo hajaitazama tangu mwaka jana. Injinia akamwonyesha mlima. Kutoka Mkumbara ukuta wa Usambara unapanda kama mita 1,500 hivi mpaka Shume, na asubuhi nyingine hujificha wote ndani ya wingu. "Betri ikiisha," alisema, "huko utauliza nani?"

Kazi yenyewe ni hii. Unawasha injini na redio zote, unaielekeza ndege kaskazini, unasoma dira, unaandika. Unageuza nyuzi 30, unasoma, unaandika. Mara 12 mpaka umezunguka duara. Injinia alisimama nje, mbali na chuma, akiwa na dira ya mkononi ya kulinganishia. Rubani aligeuza ndege kwa breki. Mimi nilikaa kiti cha kulia na daftari. Saa nane mchana, jua la Mkumbara, vumbi jekundu linapanda, na nusu ya kijiji imejipanga kwenye kivuli cha mibuyu ikitazama ndege inayozunguka pale pale ilipo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tulipozima injini, babu mmoja mwenye kofia ya kushonwa alisogea. Nikamwamkia, "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu. Hii ndege inatafuta kibla?"

Kicheko kilichofuata nakisikia mpaka leo.

Lakini daftari langu halikuchekesha. Kosa linatakiwa lisizidi nyuzi 10. Sisi kaskazini tulikuwa tumekosea 24. Ukiendelea kuzunguka, kosa linapungua taratibu, linakwisha, linageukia upande wa pili, linapanda tena, kwa mpangilio mzuri sana. Injinia akachukua bisibisi ya shaba, maana ya chuma ingeivuruga dira, akazirekebisha skrubu mbili ndogo za kusahihishia dira hadi mwisho. Tukazunguka tena. Hakuna nafuu.

Rubani ndiye aliyeleta nadharia ya Mjerumani. Historia yenyewe watu wa Mkumbara wote wanaijua: kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilijenga hapa njia ya waya, na magogo ya mitarakwa yalishuka kutoka msitu wa Shume yakining'inia hewani mpaka kwenye reli. Rubani akasema huenda waya ule umefukiwa hapa hapa chini ya uwanja na ndio unaovuta dira. Niliiunga mkono nadharia hiyo kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa imekaa kisomi na hainihusu.

Babu alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akamwomba Injinia amwonyeshe ile dira ya mkononi inasema kaskazini ni wapi. Injinia akanyoosha mkono. Babu akageuka kuutazama mnara wa msikiti kijijini, akapiga hesabu zake kimya. Kutoka kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo anayejua mihrabu ya msikiti wake anajua kaskazini bila kuuliza mtu.

"Hiyo ya mkononi na msikiti wetu havigombani," akasema. "Kungekuwa na chuma ardhini kingeidanganya na hiyo. Tatizo liko humo ndani mlimokaa. Na yale magogo yalishuka miaka yote hiyo bila karatasi."

Injinia alinigeukia polepole. "Toa kila kitu mfukoni."

Simu nilikuwa nimeiacha kwenye begi, kwa hiyo nilitoa kwa kujiamini: kalamu, leso, risiti ya chai. Halafu mfuko wa shati, upande wa kushoto, ule unaotazamana na dira: fimbo yangu ya kuokotea skrubu zilizodondoka. Fimbo nyembamba inayorefuka kama antena. Yenye sumaku nchani.

Sitaeleza Injinia alisema nini. Tulizunguka mara ya tatu mimi nikiwa sina kitu mwilini zaidi ya nguo, na hata mkanda aliukagua. Kosa kubwa likawa nyuzi 4. Kivulini mtu mmoja akawa anatangaza kila tunapogeuka: "Adhuhuri! Alasiri! Magharibi!"

Ikabaki kuandika. Injinia akasema mwandiko wangu ni wa kuku aliyeparua jivu, akanituma kwa bodaboda hadi Mombo, steshenari, ikachapwe. Kijana wa steshenari alikuwa mkarimu kuliko kawaida. Aliniambia amegundua namba zangu zina makosa, 30 nimeandika 33, 60 nimeandika 62, kwa hiyo amezirekebisha zote zilingane. Akaweka waridi jekundu kila kona. Chini akaweka namba yake ya simu, kwa huduma za kadi za harusi na kipaimara. Na alikuwa ameshaipitisha kwenye mashine ya plastiki. Ilikuwa kadi ya dira isiyokosea hata nyuzi moja, inayong'aa, ya uongo mtupu.

Basi nikaiandika kwa mkono, Injinia amesimama nyuma yangu kama mwalimu wa darasa la kwanza, herufi kubwa, wino mweusi. Mbili zikachanwa. Ya tatu akaikubali, tukaitia sahihi na tarehe, ikakaa chini ya dira, pana kama vidole vitatu, ndege ikaondoka.

Ile ya maua dereva wa bodaboda aliniomba. Akaibandika chini ya spidi mita yake, na abiria wakimuuliza anawajibu kwamba ni ya ndege. Mara ya mwisho kunipakia kutoka Mombo nilikuta ameikwangua namba ya simu ya steshenari, akaandika yake.