Vidole Vyenye Ratiba Yao

Vidole vyangu huamka baada yangu. Mimi niko macho, chai naitaka, vyenyewe vimekakamaa vikingoja maji ya uvuguvugu ndipo vikubali kushika kikombe. Nusu saa haifiki, vimeshalegea. Daktari alinituliza kwa hilo hilo: kukakamaa kunakopita upesi mara nyingi ni kwa gegedu kulika, si ule ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe, ambao humgandisha mtu hata zaidi ya saa nzima. Nikashukuru. Umri huu mtu hushukuru hata aina ya ugonjwa aliopewa.

Vinundu vilivyo karibu na kucha vina jina: vinundu vya Heberden. Huyu alikuwa daktari Mwingereza, akafariki 1801, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Humo alisema wazi kwamba vinundu hivi havihusiani na jongo, yaani gauti. Miaka zaidi ya 200 imepita na habari hiyo bado haijafika mtaani kwetu. Jirani akiniona nabandua sufuria kwa viganja viwili, hukumu inatoka hapo hapo: “Hiyo gauti, dada. Acha nyama nyekundu, acha na maharage.” Mwingine anaongeza dagaa. Wa tatu analeta mafuta ya nyonyo kwenye chupa ambayo, bila shaka, siwezi kuifungua.

Fundi viatu wa pale kituoni yeye ana nadharia yake: nilizoea kualisha vidole utotoni. Nilimweleza kwamba yuko daktari wa California, Donald Unger, aliyealisha vidole vya mkono wa kushoto kila siku kwa zaidi ya miaka 60, wa kulia akauacha, na mwisho wa yote hakuna mkono uliopata yabisi. Mwaka 2009 akatunzwa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akatoa sindano mdomoni, akauliza: “Na huyo daktari, wagonjwa alikuwa anawatibu saa ngapi?”

Maumivu yenyewe nimeshayazoea. Ninaogombana nao ni watengenezaji wa vifuniko. Ukibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo moja, kitako cha dole gumba hubeba kiasi cha kilo 12, kwa hiyo kifuniko cha chupa ya maji kwangu ni mzigo wa kuli. Siku moja kwenye daladala ya Mbagala, jua limesimama utosini, koo limekauka, kifuniko kikagoma. Nilijaribu kwa mkono, nikajaribu kwa pindo la khanga, nikaibana chupa kwapani na kuzungusha huku abiria wa pembeni akijisogeza taratibu. Konda alikuwa ananing’inia mlangoni, noti zimepangwa katikati ya vidole vyake vizima. Akanyoosha mkono, akaipokea chupa, akaking’ata kifuniko kwa magego. Krak. “Kunywa, mama.” Nikanywa. Ningefanyaje, na basi zima linaangalia?

Vidonge vya maumivu navyo vimefungwa kwenye karatasi ya bati inayotobolewa kwa kusukuma na dole gumba, yaani kwa kiungo kile kile kinachouma. Kidonge kikikubali kutoka hakitoki, kinaruka. Kimoja kilitua kwenye sufuria ya mchuzi wa samaki na kuyeyuka kabla sijauona mwiko uko wapi. Siku ile hakuna nyumbani aliyelalamika kichwa.

Lakini hakuna kinachoushinda mkono wa pole. Kuna wanaume wakikupa pole wanakukamua, hasa waliofanya kazi bandarini. Kwenye msiba mmoja wa Temeke, mzee wa aina hiyo aliudaka mkono wangu, akaubana, akautikisa huku akinieleza wema wa marehemu tangu ujana wao. Machozi yakanibubujika. Akinamama wakanizunguka, mmoja akanishika bega, mwingine akaleta maji: “Jikaze, mwenzetu, kazi ya Mungu haina makosa.” Marehemu nilikuwa simjui. Nilikuwa nimemsindikiza jirani. Kutoka hapo nikakalishwa karibu na wafiwa, na pilau ilipoletwa, nikaletewa sahani yangu peke yangu.

Basi shemeji yangu alipofiwa huko Korogwe, nikaona nitangulize pole kwa simu, mkono nitauleta arobaini. Nikaandika kwa kidole cha shahada, ndicho chenye nafuu, ingawa kikitaka herufi moja hugusa na jirani zake. Simu ikakisaidia kwa kukisia. Ujumbe ukaenda: “Poa sana kwa msiba, shemeji. Mungu awape nguvu.”

Jibu lilikuja jioni. “Ahsante, shemeji. Tumekaa kikao cha familia, tumeelewa ni vidole. Acha maharage.”